Bikoni Iliyo Majini

 

Mimi ni mpima ardhi mstaafu. Mada niliyopewa ni namna serikali za mitaa zinavyoweza kuwalinda watu wa vijijini dhidi ya majanga ya asili. Ni mada pana, nami nitaiingia kwa mlango mmoja mdogo ninaoujua, mlango wa bikoni, ile alama ya mpaka wa kiwanja.

Mwaka 2006, Ziwa Tanganyika likiwa limeshuka kuliko nilivyowahi kuliona maishani mwangu, nilipelekwa kupima viwanja katika kijiji kimoja cha mwambao, kusini ya hapa Ujiji. Nilifanya kazi kama sheria inavyotaka. Niliuchukua ukingo wa maji wa siku ile, nikahesabu mita 60 kuelekea nchi kavu, nikauacha ukanda huo wazi, kisha nikasimika bikoni za zege mstari kwa mstari. Watu wakagawiwa viwanja, wakafyatua tofali, wakajenga.

Mwezi wa 5 mwaka 2024 nilirudi kijijini hapo kumzika rafiki yangu. Baada ya mazishi nilimwomba kijana mmoja anipeleke kwa mtumbwi mahali palipokuwa na safu ya kwanza ya nyumba. Ziwa lilikuwa limetulia kabisa asubuhi ile. Kuta za tofali zilichomoza majini bila paa. Michikichi ilisimama humo humo, mikavu, haina hata kuti. Kijana akaacha kupiga kasia, akaniambia, "Babu, chungulia hapa." Nikachungulia. Chini ya maji ya kina cha kifua niliona kichwa cha zege na kile chuma nilichokizamisha katikati yake, na dagaa wadogo wakikizunguka. Ilikuwa bikoni yangu. Haikuwa imesogea hata kidogo. Ilikuwa pale pale nilipoiweka.

Sikuvunja sheria, na hilo ndilo linaloninyima usingizi. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za ukingo wa ziwa, nami nilizipima hizo mita 60 kwa uaminifu. Kosa langu ni kwamba nilipima kutoka kwenye maji ya siku moja, na Ziwa Tanganyika halijawahi kukaa mahali pamoja. Familia 14 ziliniamini kwa sababu nilikuja na mashine yenye miguu mitatu na muhuri wa serikali. Wapo wazee pale kijijini ambao wangeniambia ukweli kama ningewauliza. Sikuwauliza.

Ndugu zangu, sisi watu wa Ujiji tunaishi juu ya ushahidi. Nendeni kwenye mnara wa Livingstone, pale panapotajwa kuwa ndipo Stanley alipomkuta mwaka 1871. Wageni huuliza swali moja kila siku: mbona ziwa liko mbali hivi, na hadithi inasema wazee wale walikuwa ufukweni? Jibu ni kwamba ziwa ndilo lililoondoka. Na kabla ya kuondoka lilikuwa limekuja juu zaidi. Stanley aliporudi Ujiji mwaka 1876, michikichi mitatu aliyoiacha imesimama sokoni miaka mitano nyuma aliikuta ndani ya maji, na mchanga aliotembelea na Livingstone ulikuwa umefunikwa.

Sababu yake ilikuwa ng'ambo. Mto Lukuga, unaotoka ziwani pale Kalemie kuelekea Mto Kongo, ndio mlango pekee wa maji yetu kutokea, na wakati ule ulikuwa umezibwa. Msafiri Mwingereza Cameron alipoufikia mwaka 1874 alikuta mimea na matope yameukaba. Maji ya Rusizi, Malagarasi, Luiche na mito mingine yote yakawa yanaingia bila kutoka, ziwa likajaa kama sufuria, mpaka ule uzibe ukapasuka mwaka 1878 hivi. Edward Hore, mmisionari wa London Missionary Society aliyekuwa akiishi hapa hapa Ujiji, alivuka kwenda Lukuga mwaka 1879 akakuta maji yanakwenda kwa nguvu. Alisimika pia alama hapa Ujiji, akawa anaangalia ziwa likishuka. Ndani ya miaka 15 hivi lilishuka kwa takriban mita 10. Ghorofa tatu za nyumba, wazee wangu! Mji uliokuwa ufukweni ukajikuta bara, na Wajerumani walipoleta reli mwaka 1914 waliimalizia Kigoma, kwenye ghuba yenye kina, siyo Ujiji.

Halafu zikaja mvua za 1961 na kuendelea. Ziwa likapanda tena hadi mwaka 1964, na mpaka leo kuna wazee wanaohesabu umri wa watoto wao kwa maji hayo. Likashuka kidogo kidogo kwa miaka 40, mpaka nilipolikuta mimi mwaka 2006. Mwishoni mwa 2019 mvua kubwa zikaanza upya Afrika Mashariki yote. Mwaka 2021 maji yalipanda gatini Kigoma, yakaingia Kibirizi na Katonga, yakaingia mialo ya Uvinza, na wenzetu wa Bujumbura, Uvira na Kalemie wakapata yale yale. Baada ya mvua za El Niño za 2023 na 2024 yalifikia kimo ambacho hakikuonekana tangu 1964. Kati ya chini kabisa niliyoiona na juu kabisa niliyoiona kuna takriban mita 3.

Nimewasimulia haya marefu kwa sababu nataka tukubaliane jambo moja kabla hatujafika kwa halmashauri na kamati. Mafuriko ya ziwa si ndugu wa mafuriko ya mto. Luiche ukifurika, baada ya siku tatu au wiki maji yameondoka, unabaki na matope na hasara, lakini kiwanja chako kipo. Ziwa Tanganyika likipanda halirudi upesi. Sehemu kubwa ya maji yake hutoka kwa kupanda hewani kama mvuke, na Lukuga hubeba sehemu ndogo tu. Kwa hiyo mvua za misimu miwili mibaya zinaweza kutukalia kifuani miaka mingi. Maji ya 1964 hayakwisha 1965.

Sasa tazameni tunavyoyapokea. Maji yanaingia, mtendaji anaandika majina, maturubai yanakuja, unga na maharage vinakuja, mablanketi yanakuja, watu wanalala madarasani. Wiki mbili baadaye shule inataka madarasa yake. Msaada huo si mbaya, na Mungu awalipe wanaoutoa. Ila umetengenezwa kwa ajili ya janga linaloondoka. Mtu ambaye kiwanja chake kimekuwa ziwa haponi kwa blanketi. Anahitaji ardhi, na aipate kwenye kijiji ambacho bado ana mwalo wake, shule ya wanawe na makaburi ya wazazi wake.

Tarehe 3 Desemba 2023 matope ya Mlima Hanang yaliifunika Katesh asubuhi moja, zaidi ya watu 80 wakafa. Nchi nzima ilishtuka, jeshi likaenda, Rais akaenda, na baadaye waliopoteza makazi wakajengewa nyumba mahali pengine. Janga letu halina asubuhi moja. Linakuja sentimita kwa sentimita, kila wiki linaongeza kidogo, na hakuna siku ambayo mpiga picha anaweza kusema ndiyo hii. Ndiyo maana halisikiki Dodoma kama lile lilivyosikika, na ndiyo maana wa kulishughulikia kwanza ni yule aliye karibu nalo kila siku.

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeunda kamati kutoka taifa hadi kijijini. Ya wilaya iko chini ya mkuu wa wilaya, ya kijiji iko pale pale penye ofisi ya mtendaji. Nimekaa kwenye vikao vya namna hiyo. Sitawasema vibaya waliomo. Ni watu wanaoacha mashamba yao bila posho. Lakini kamati ya maafa kwa tabia yake huamka maji yakiwa mlangoni. Ofisi yenye nguvu ya kuzuia maafa ni nyingine, nayo mnayo tayari, hamhitaji kuiomba kwa mtu. Ni ile inayogawa ardhi.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeiweka ardhi ya kijiji chini ya halmashauri ya kijiji, kwa niaba ya wanakijiji wote, na mkutano mkuu wa kijiji ndio wenye kauli. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982, ile ya mamlaka za wilaya, inaipa halmashauri ya kijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo na kuzipeleka wilayani zithibitishwe. Sheria ya mwaka 2007, ile ya mipango ya ardhi, inakipa kijiji uwezo wa kutunga mpango wa matumizi ya ardhi. Ukiziweka sheria hizi tatu mezani pamoja, unaona kwamba mwenyekiti wa kijiji cha Sigunga au Mwamgongo, akiwa na mkutano wake, anaweza kusema: hapa hapajengwi nyumba ya kulala. Waziri hawezi kulisema hilo vizuri kama yeye, maana waziri hajui mahali ambapo bibi fulani aliokoa mbuzi wake mwaka 1964.

Hapa naomba mnivumilie kwa hesabu kidogo. Ni ya darasa la saba tu. Chukua ufukwe ulio tambarare, kama huu wetu wa Ujiji au delta ya Luiche, ambako ardhi inapanda mita 1 kila ukitembea mita 40. Ziwa likipanda mita 3, limekuingilia mita 120. Zile mita 60 za sheria zimemezwa, na mita 60 nyingine za viwanja vya watu zimemezwa. Ndiyo hesabu ya bikoni yangu. Sasa nenda kaskazini, Mtanga, Mwamgongo, Zashe, mpaka Kagunga mpakani na Burundi. Huko milima inaanzia majini. Ziwa likipanda mita 3 linakula hatua chache tu. Mwenye nyumba ya juu kidogo halijui hata hilo janga. Lakini mgongoni kwake kuna mteremko, na mvua ile ile iliyojaza ziwa inaweza kumletea udongo na mawe usiku amelala.

Mita 60 zile zile, katika sehemu moja ni chache mno, katika sehemu nyingine zinamsukuma mtu kutoka kwenye maji na kumpeleka chini ya poromoko. Sheria ya nchi haiwezi kuandikwa kwa kila ufukwe. Imeweka kima cha chini, ikatuachia sisi kazi ya kuongeza. Nasi hatujaongeza. Tumeichukua kama ndiyo sala nzima.

Vijiji vya kaskazini vina jambo la kutufundisha. Mwaka 1994 Taasisi ya Jane Goodall ilianzisha mradi wa TACARE katika vijiji vinavyoizunguka Hifadhi ya Gombe. Wengi walidhani ni habari ya sokwe. Lakini aliyeliona bonde lile miaka ile anajua kwamba milima ilikuwa imekwanguliwa kama kichwa cha aliyefiwa, mihogo imepandwa mpaka kileleni, na kila masika udongo ulikuwa unashuka ziwani mwekundu. Watu hawawezi kulinda sokwe wakati shamba lao linaporomoka. Mradi ukakaa na wanakijiji, ukatandika picha za satelaiti mezani, wao wenyewe wakaonyesha: hapa pana chemchemi, hapa panameguka, hapa tuache miti. Ikatoka mipango ya matumizi ya ardhi na misitu ya hifadhi ya vijiji, yenye sheria ndogo na walinzi waliochaguliwa na vijiji. Yako maeneo ambako miti imerudi yenyewe baada ya kuachwa tu. Mimi naiita ile misitu kazi ya kuzuia maafa, hata kama kwenye makaratasi inaandikwa uhifadhi. Kilichofanya kazi pale ni kwamba mstari ulichorwa na watu watakaouheshimu.

Kwa upande wa ziwa bado hatujachora. Tulianza vibaya tangu zamani kidogo. Operesheni Kigoma ya mwaka 1972 iliwatoa watu kwenye kaya zilizotawanyika na kuwakusanya vijijini, na Operesheni Vijiji ikafuata. Ilikuwa miaka 8 tu tangu maji makubwa. Katika kila kijiji cha mwambao kilichopangwa wakati ule, inafaa tuulize leo: aliyechagua eneo la shule aliwauliza wenyeji maji yalifika wapi? Mimi nilirudia kosa hilo miaka 34 baadaye nikiwa na vifaa bora zaidi.

Niingie kwenye choo sasa, na mniwie radhi wenye chakula mbele yenu. Nikiulizwa kitu kimoja cha kuhamisha kwanza kutoka kwenye ukanda wa maji, sisemi nyumba, nasema choo. Nyumba ikiingiliwa na maji, mtu anatoka. Shimo la choo likiingiliwa, kila mtu anakunywa. Wanawake wa mwambao huteka maji ya ziwa, huoshea vyombo ziwani, na watoto huogelea humo. Kipindupindu hakihitaji barua ya mwaliko.

Hilo tuliliona Kagunga mwaka 2015. Mwezi wa 5 mwaka ule watu walikimbia machafuko ya Burundi, na makumi ya maelfu wakajikuta kwenye kile kipande chembamba cha ardhi kati ya ziwa na mlima. Barabara hapakuwa na ya maana. Njia ni maji. Wenyeji waliwapokea, wakagawana nao walichokuwa nacho. Lakini kijiji kilichojengwa kwa ajili ya watu wake hakikuwa na vyoo vya umati ule, na maji ya kunywa yalikuwa ni ziwa lile lile. Wagonjwa wa kipindupindu walipita 3,000, na watu wapatao 30 wakafa. Meli yetu kongwe, MV Liemba, iliyozinduliwa mwaka 1915 na Wajerumani wakaitumia vitani, ilikwenda na kurudi ikiwapakia watu kwa mitumbwi, maana haikuweza kutia nanga ufukweni, ikawaleta Kigoma uwanjani, na kutoka hapo wakapelekwa Nyarugusu. Mimi niliuona umati ule ukishuka bandarini. Wengi hawakuwa na kitu mikononi isipokuwa mtoto na dumu.

Siyo janga la asili, mtaniambia. Kweli. Lakini ni mtihani ule ule: siku ile kijiji kina vyoo vingapi, viko kimo gani, na maji safi yanatoka wapi? Halmashauri ya wilaya inayojenga choo cha shule juu ya mstari wa maji, na bomba la mserereko kutoka mlimani, imejiandaa kwa mafuriko, kwa wakimbizi na kwa kipindupindu kwa fedha ile ile moja.

Sasa nafika penye ubishi. Nimesikia mara nyingi katika vikao maneno haya: watu wa mwambao ni wakaidi, waliambiwa wahame hawakuhama. Nayakataa. Mvuvi wa dagaa anaingia ziwani jioni, anafanya kazi usiku wa giza na taa zake, anarudi alfajiri. Mama anayeyapokea mazao anatakiwa ayaanike kabla jua halijawa kali. Boti, injini na nyavu ni mali ya mamilioni, huwezi kuiacha ufukweni ukaenda kulala kilomita tatu juu ya kilima. Mkimwambia mtu huyu ahame mwambao, mnamwambia aache kula. Na kumbukeni kwamba ndiye aliyekubali kukaa bila kazi miezi mitatu, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, serikali ilipolifunga ziwa samaki wazaliane. Sijaona ukaidi hapo.

Tatizo ni kwamba tunamwambia jambo moja, hama, wakati yapo mambo mawili. Kuna kazi na kuna kulala. Ukanda wa chini tuuachie kazi: mialo, chanja za kuanikia dagaa, vibanda vya miti na makuti vinavyoweza kubomolewa na kujengwa upya kwa siku mbili, sehemu ya kulaza boti, na walinzi wa zamu wanaolipwa na BMU, kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi. Kwenye ukanda wa juu ya mstari wa maji tuweke nyumba za familia, vyoo, zahanati, shule, maghala. Ukiona zahanati ya matofali ndani ya ukanda wa chini, basi ni serikali yenyewe inayomfundisha mwananchi kujenga mahali pabaya.

Na ardhi ya juu ni ya nani? Hapo ndipo ulipo moyo wa jambo, na hapo ndipo tunapokwepa. Mara nyingi ni shamba la michikichi la mtu, ambalo babu yake alilipanda. Hatoi bure, na hana sababu ya kutoa bure. Kijiji kinaweza kubadilishana naye, kinaweza kumfidia kwa miaka kadhaa kutoka kwenye ushuru wa mwalo, kinaweza kuanza na viwanja vichache kila mwaka katika miaka ambayo ziwa limeshuka na bei haijapanda. Lakini lazima kazi hiyo ianze katika miaka mikavu. Ukisubiri maji, kila mwenye shamba la juu anakuwa mfalme, na waliofurika wanakuwa waombaji. Mwaka 2006 ulikuwa ndio mwaka wa kuanza. Mwaka mwingine wa namna hiyo utakuja, ziwa litashuka, mchanga utaonekana mzuri na mweupe, na vijana watakuja ofisini kuomba viwanja juu yake. Natamani siku hiyo mtendaji awe na kitabu cha kufungua, kinachoonyesha maji yaliwahi kufika wapi.

Kumbukumbu ya namna hiyo yaweza kuwa hata jiwe. Huko Japani, katika kijiji cha Aneyoshi mkoani Iwate, kuna jiwe lililosimikwa baada ya mawimbi makubwa ya bahari ya mwaka 1933. Jiwe hilo linawaagiza wazao wasijenge nyumba chini yake. Waliokuja baada yao walitii, na mwaka 2011 bahari ilipokuja tena, maji yaliishia chini ya jiwe hilo. Hakuna mashine pale, ni jiwe na utii wa watu kwa waliotangulia.

Ombi langu kwa kila kijiji na mtaa wa mwambao, kuanzia Kagunga mpaka Kalya, ni la gharama ya mfuko mmoja wa saruji. Waiteni waliokuwa watoto wakubwa mwaka 1964, maana wanakwisha. Watembee, waonyeshe. Mwiteni mpima mmoja mwenye mashine ya kusoma kimo, siku moja inatosha kwa kijiji. Wekeni alama ya 1964 na ya 2024 mahali pasipohama: ukuta wa shule, msikiti, kanisa, jiwe kubwa. Kisha kimo hicho kiingie kwenye mpango wa matumizi ya ardhi na kwenye sheria ndogo, kwa maneno haya: mita 60 zipimwe kutoka kwenye alama, zisipimwe kutoka kwenye maji. Penye mteremko wa kuporomoka, wataalamu na wanakijiji watafute mahali pa katikati.

Yapo mengine nayapita haraka, si kwa sababu ni madogo. Upepo wa kusi huua wavuvi kila mwaka. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa tahadhari za upepo na mawimbi, nayo tahadhari ni lazima ifike mwaloni kabla ya saa kumi jioni, kwa spika ya msikiti au kwa bendera juu ya mti, na BMU iwe na meno ya kuzuia boti. Ardhi pia hutikisika. Tarehe 5 Desemba 2005 tetemeko la ukubwa wa 6.8 lilianzia chini ya ziwa hili, likaangusha majengo Kalemie, na huku tulikimbilia nje. Kuta za madarasa yetu hazina mikanda ya kutosha ya zege. Hilo linahitaji mhadhara wake.

Niwaeleze kilichotokea kijijini kwangu, yaani kijiji cha bikoni. Baada ya ile safari ya mtumbwi nilimwomba mwenyekiti anipe nafasi kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Nikasimama mbele ya watu nikasema niliyoyafanya mwaka 2006. Palikuwa kimya kwanza. Halafu baba mmoja aliyepoteza nyumba akaniuliza kama nimekuja kumlipa, nikamjibu kwamba sina cha kumlipa ila nina mashine ya kupimia na muda. Bibi mmoja akainuka kwa fimbo yake, akasema twendeni.

Tulimfuata watu kama 40 na watoto wengi zaidi. Alikwenda moja kwa moja kwenye mwembe mkubwa nyuma ya shule, akagonga mzizi mmoja kwa fimbo. Alisema mwaka 1964 alikuwa msichana, na mtumbwi wa baba yake ulifungwa hapo. Kwa macho tu tulikuwa tunaona, kutoka pale mwembeni, maji ya 2024 yameishia wapi, hayakuwa mbali. Nilisimamisha mashine, kijana akashika ubao wa kusomea, tukakihamisha kimo cha mzizi ule mpaka kwenye ukuta wa shule, fundi akakwangua plasta, akachora mstari kwa rangi nyeusi na kuandika mwaka. Tukachora na wa 2024 chini yake.

Watoto walitaka kujaza ukuta wote kwa maandishi, jina la kijiji, majina ya viongozi. Bibi akawakataza. "Huko juu paacheni," alisema. "Babu yangu naye alikuwa na maji yake." Tukaupaka chokaa ukuta uliobaki mpaka chini ya paa bila kuandika kitu. Kisha mwenyekiti akaturudisha kivulini, akafungua ajenda iliyofuata, ambayo ilikuwa choo cha shule na mahali pa kukihamishia.